Baridi kali na mabomba ya nje: Kwa nini hupasuka, na namna ya kuyakinga

USIKU wa manane wa kuamkia Jumatatu, Februari 15, 2021, msimamizi wa gridi ya umeme ya jimbo la Texas, nchini Marekani, aliagiza umeme ukatwe kwa zamu ili mfumo mzima usianguke. Zamu hiyo haikuzunguka kama ilivyokusudiwa. Nyumba nyingi zilikaa gizani siku mbili, tatu, hata nne, na kwa kuwa mitambo ya kupasha nyumba joto hutegemea umeme, kuta zikapoa, dari zikapoa, na maji yaliyokuwamo ndani ya mabomba yakaganda.

Wateja zaidi ya milioni 4.5, wa majumbani na wa biashara, walikosa umeme katika dhoruba hiyo. Idara ya afya ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246, karibu theluthi mbili vikitokana na baridi yenyewe. Watu zaidi ya milioni 14 walitakiwa wachemshe maji kabla ya kunywa, kwa sababu shinikizo katika mitandao ya maji ya miji lilikuwa limeshuka. Na sababu mojawapo ya kushuka huko ilikuwa maji yaliyokuwa yakimwagika bure kutoka mabomba yaliyopasuka katika nyumba za watu.

Houston, Dallas na Fort Worth ni miji yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Mtu aliyekulia Mbagala au Likoni hana sababu ya kujua kwamba koki iliyo nje ya ukuta wa nyumba inaweza kuharibu samani zote zilizomo ndani. Kwake bomba ni kitu cha kulalamikia linapokosa maji, si linapokuwa nayo. Makala haya yanaeleza jinsi mkasa huo unavyotokea na hatua za kuuzuia, kwa ajili ya msomaji aliye ugenini na yule mwenye ndugu huko.

Kwanza ifahamike kwamba hatari haiko zaidi pale penye baridi nyingi. Katika jimbo la Minnesota, ambako nyuzi joto 20 chini ya sifuri si habari ya kumshangaza mtu mwezi Januari, mabomba makuu hufukiwa kina kinachopita mita mbili, na ya ndani hupitishwa katikati ya nyumba, mbali na kuta za nje. Mjenzi wa huko anaijua baridi kama mvuvi anavyoyajua maji makuu na maji mafu.

Texas ni mambo mengine. Nyumba nyingi hujengwa juu ya bamba la zege bila chumba cha chini, na mabomba hupitishwa darini au ndani ya kuta za nje. Bomba la bustani hufukiwa kidogo tu, na koki za nje huchomoza ukutani kama zinavyochomoza Tabata. Kwa miaka mingi ujenzi huo hauna dosari yoyote. Kisha huja juma moja kama lile la Februari 2021, ambapo Dallas ilifikia nyuzi joto 19 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, na uwanja wa ndege mkuu wa Houston nyuzi 11 chini ya sifuri. Katika eneo la Dallas hali ya chini ya sifuri ilidumu zaidi ya saa 130 mfululizo.

Ili kujua la kufanya, yafaa kuelewa bomba hupasukaje, maana hapa ndipo watu wengi hukosea, na wakikosea hapa hununua vitu visivyowasaidia.

Vitu vingi husinyaa vinapopoa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi joto 4 hugeuza mwendo: huanza kutanuka, na yanapogeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Lita 10 za maji huwa karibu lita 10.9 za barafu. Kutokana na hesabu hiyo, wengi hudhani kwamba barafu huusukuma ukuta wa bomba kwa ubavu mpaka ukaachana.

Sivyo inavyokuwa mara nyingi. Barafu huanza mahali pamoja, penye baridi zaidi, ikajaza bomba na kuwa kizibo. Kizibo hicho huendelea kukua kwa kufuata urefu wa bomba. Upande wa barabarani hakuna neno, kwa kuwa maji yanayosukumwa hurudi nyuma kwenye bomba kuu. Lakini upande wa koki, maji yaliyobaki kati ya kizibo na koki iliyofungwa hayana pa kwenda. Maji hayakubali kubanwa. Kila barafu inapoongezeka kidogo, shinikizo hupanda sana, likapita mara nyingi lile la kawaida, mpaka sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ikaachia.

Ndiyo maana mafundi hukuta ufa mahali ambapo hapakuwa na barafu hata chembe. Barafu ilikuwa ukutani, ufa ukawa jikoni. Na ndiyo maana pia, kwa maoni ya mwandishi huyu, maneno mawili ya kuyatia moyoni ni kutoa maji na kuyapa njia. Kuvisha bomba nguo ni la tatu.

Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1990, kwa kuweka mabomba darini na kuyafuatilia wakati wa baridi, ulionyesha kwamba hatari huanza hewa ya nje inapofika takriban nyuzi joto 7 chini ya sifuri, ambazo katika kipimo cha Farenhaiti kinachotumika Marekani ni 20. Watangazaji wa huko wakisema usiku utafika 20, msikilizaji mgeni huenda akafurahi akidhani ni joto la Arusha asubuhi. Sifuri yetu kwao ni 32. Kadhalika, bomba lililo katika upepo, hasa upepo unaopenya kwenye nyufa za ukuta, huganda mapema zaidi, kwa sababu upepo huliondolea joto lake kwa haraka.

Kazi huanza kabla ya baridi, na huanzia kwenye mpira wa bustani. Mpira uliofungwa kwenye koki ya nje hushika maji, maji hayo huganda, na kizibo huingia ndani ya koki na kupenya ukutani. Ufungue, umwage maji yake, uuweke stoo. Kazi hii haigharimu hata senti, na ndiyo husahauliwa kuliko zote.

Baada ya hapo tafuta kama koki hiyo ya nje ina koki nyingine ndani ya nyumba inayolifunga bomba lake. Mara nyingi huwa chini ya sinki, katika chumba cha kufulia, au katika chumba cha chini kwa nyumba zilizo nacho. Ifunge hiyo ya ndani, kisha nenda nje ufungue ile ya nje mpaka maji yaliyosalia yaishe. Baadhi ya koki za ndani zina kijikofia kidogo ubavuni. Kikilegezwa, hewa huingia na maji yaliyonata bombani hutoka. Kinga chombo hapo chini. Kisha iache koki ya nje ikiwa wazi kwa majira yote ya baridi. Tone lililosahaulika likiganda, litakuwa na nafasi ya kutanukia.

Bomba lisilo na maji haligandi. Nyumba iliyofanyiwa hivyo inaweza kukosa umeme juma zima na koki yake ya nje isipate dhara.

Kwa bahati mbaya, nyumba nyingi za maeneo yenye joto hazina koki hiyo ya ndani. Hapo ndipo vile vifuniko vya sponji vinavyouzwa madukani kwa dola chache hupata kazi. Kifuniko huifunika koki na kubana ukutani, kikihifadhi joto dogo linalovuja kutoka ndani ya nyumba. Kinasaidia usiku mmoja au miwili, mradi nyumba yenyewe ina joto. Taulo kuukuu lililozungushiwa koki na kufunikwa mfuko wa plastiki ili lisilowe hufanya kazi hiyo hiyo.

Zipo pia koki zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi. Kwa nje zinafanana na nyingine, ila kiwiko chake cha kufungia maji kimo ndani kabisa, sentimita 20 au 30 nyuma ya ukuta, mahali penye joto. Ukiifunga, maji yaliyobaki kwenye shingo yake humwagika nje yenyewe. Ni kifaa kizuri, lakini kina masharti mawili: fundi aifunge ikiwa imeinama kidogo kuelekea nje, na mwenye nyumba asiuache mpira umefungwa humo. Mpira ukizuia maji yasitoke, koki hiyo ya bei kubwa itapasuka ndani ya ukuta, na mwenyewe hatajua mpaka siku atakapoifungua kumwagilia maua.

Sehemu ya nje iliyo dhaifu kuliko zote, hasa kwa nyumba zenye mfumo wa kumwagilia nyasi, ni kile kifaa cha shaba kinachozuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Husimama juu ya ardhi, peke yake, kikipigwa na upepo pande zote. Kuna koki yake ya kukifunga, aghalabu ndani ya kisanduku kilichofukiwa ardhini karibu na mita. Ifunge hiyo, kisha legeza vile vikoki vidogo vilivyo ubavuni mwa kifaa kwa bisibisi mpaka maji yatoke. Mikono yake miwili mikubwa iachwe imegeuzwa nusu, wala si kufungwa kabisa, kwa kuwa ndani yake mna tufe lenye tundu, na tufe likifungwa kabisa hubakiza maji tunduni. Katika majimbo ya kaskazini, fundi huja na mashine ya upepo kuyatoa maji yote yaliyomo katika mabomba ya bustani. Kazi hiyo aachiwe fundi. Upepo wenye nguvu nyingi huvunja vifaa na unaweza kumjeruhi mtu macho.

Kwa bomba lililo wazi ambalo haliwezi kutolewa maji, ndipo sasa tulivishe. Zipo ala za sponji zilizopasuliwa kwa urefu, ambazo huvalishwa bomba kama soksi. Maungio na viwiko visiachwe wazi, nafasi kati ya ala na ala zizibwe kwa utepe, na juu yake pawe na kitu kisichopitisha mvua, maana sponji iliyolowa haina faida. Lakini msomaji asidanganyike. Blanketi halina joto lake lenyewe. Huchelewesha tu joto kuondoka. Maji yaliyotulia ndani ya bomba lililovishwa vizuri, yakiachwa katika baridi kali muda mrefu, nayo mwishowe huganda.

Wengine huzungushia bomba waya wa umeme wenye kutoa joto. Unafaa, na kwa nyumba zenye kisima ni msaada mkubwa. Ununuliwe ule uliothibitishwa kwa usalama, usipishanishwe juu yake wenyewe isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu, na uchomekwe katika soketi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kasoro yake ilionekana Texas: umeme ukikatika, waya huo ni kamba tu. Wenye vibanda vya pampu wana desturi ya zamani ya kuacha taa ikiwaka ndani usiku kucha. Desturi hiyo ilifanya kazi kwa balbu za kale zilizokuwa zikichoma mkono. Taa za kisasa hutoa mwanga na karibu hakuna joto, na aliyebadili balbu akasahau jambo hilo hukuta pampu imepasuka chini ya mwanga mzuri kabisa.

Usiku wa baridi unapofika, wengi huacha koki moja ikidondosha maji. Ushauri huu ni wa kweli, ingawa sababu yake si ile inayotajwa mara nyingi. Maji yanayotembea huganda kwa taabu, ndiyo, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba koki iliyo wazi haiachi shinikizo lijikusanye. Hata kizibo kikitokea, maji yaliyo mbele yake yanayo pa kutokea. Ichaguliwe koki iliyo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia nyumbani, au ile ambayo bomba lake hupita kwenye ukuta wa nje, na zidondoshwe zote mbili, ya moto na ya baridi. Milango ya kabati la sinki iachwe wazi ili joto la chumba liyafikie mabomba.

Hapa ndipo maslahi ya mtu mmoja hugongana na ya mji mzima. Koki zinazodondosha katika mamia ya maelfu ya nyumba ni maji mengi, na pampu zikiwa hazina umeme wa kutosha, shinikizo hushuka kwa wote, hospitali zikiwamo. Katikati ya janga la 2021, mamlaka za jiji la Houston ziliwaomba wakazi waache kudondosha maji. Anayeombwa hivyo hana budi kuchagua njia ya pili, ambayo hakika ndiyo salama zaidi umeme unapokuwa umekatika kwa muda: azime hita ya maji, afunge koki kuu ya nyumba, afungue koki zote, na aache maji yatoke kupitia koki iliyo chini kuliko zote. Awe amejaza ndoo zake kwanza. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa kuishi kwa ndoo.

Ujuzi huu wote ni bure kwa asiyejua koki kuu ya nyumba yake iko wapi. Katika miji mingi ya Texas imo ndani ya kisanduku chenye mfuniko karibu na barabara, pamoja na mita, na huhitaji spana maalumu. Itafutwe mchana, wakati hakuna shida. Mpangaji wa ghorofa amuulize msimamizi wa jengo, na kila mtu mzima nyumbani aoneshwe.

Wenyeji wa nchi za baridi wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba bomba la maji moto huganda kabla ya lile la maji baridi. Msomaji wa Tanzania atatabasamu, kwa kuwa hoja hiyo ina jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda mapema kuliko wa wenzake. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Wanasayansi wanaendelea kubishana kama jambo hilo hutokea daima na kwa nini. Kwa mwenye nyumba funzo ni dogo: asiliache bomba la maji moto bila kinga kwa kudhani kwamba umoto wake utalilinda.

Dalili ya bomba kuganda ni koki inayotoa matone machache au kutotoa kitu. Ifungue koki hiyo, kisha weka mtu mmoja tayari karibu na koki kuu, kwa kuwa bomba huenda limekwisha pasuka na linalozuia mafuriko ni barafu yenyewe. Pasha joto polepole ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Mashine ya kukaushia nywele au taulo zilizochovywa katika maji ya moto zinatosha, mradi mashine ya umeme isishikwe mahali palipolowa. Moto wa wazi, iwe tochi ya gesi au mshumaa, usitumike kamwe. Nyumba nyingi za Marekani zina mbao ndani ya kuta.

Na hapa lisemwe bila kuzunguka. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, jenereta isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha, na gari lisiachwe likinguruma gereji, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Baadhi ya waliokufa Texas mwaka 2021 waliuawa na gesi hiyo, si na baridi waliyokuwa wakiikimbia.

Bomba hupasuka katika baridi, lakini huvuja joto linaporudi. Ireland ya Kaskazini iliona hivyo Desemba 2010. Baridi ya kihistoria ilipoachia baada ya Krismasi, mabomba yaliyokuwa yamepasuka kimya kimya yalifunguka pamoja, mabwawa ya kugawia maji yakakauka, na makumi ya maelfu ya nyumba zikakosa maji kwa siku kadhaa. Mkuu wa shirika la maji la huko alijiuzulu Januari 2011. Kwa hiyo siku ya kuwa macho zaidi ni ile jua linapotoka na watu kuanza kushangilia. Funga koki zote za nyumba, kisha tazama mita: sindano yake ikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali.

Limebaki suala la wanaosafiri, nao ni wengi, maana Desemba ndiyo mwezi wa kuja nyumbani. Anayeruka kuja Dar es Salaam au Mombasa kwa majuma matatu asizime kabisa kipasha joto cha nyumba yake ili kubana matumizi. Kiwango cha chini kinachoshauriwa ni nyuzi joto 13, yaani 55 kwa kipimo cha Marekani, na kampuni nyingi za bima zinaweza kukataa kulipa hasara ya bomba lililopasuka ikiwa nyumba iliachwa bila joto. Afunge koki kuu, atoe maji katika mabomba, afungue koki za nje, na amwachie ufunguo jirani au rafiki anayeweza kupita kila baada ya siku mbili. Picha za vyumba na samani azipige kabla ya kuondoka, na namba ya hati ya bima aje nayo.